Asubuhi anakimbia, magharibi anatambaa: angalieni SAA kabla hamjakubali kuwa mtoto ana mtindio wa ubongo

FundiGeti:

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, huku Morogoro. Si daktari, na humu jukwaani kwa kawaida ni msomaji tu wa nyuzi za watu. Leo nashusha wa kwangu kwa sababu wiki iliyopita nilikaa benchi moja la kliniki na mama mmoja, akawa ananisimulia ya mwanawe, nikaona kabisa nasimuliwa ya kwangu ya miaka miwili iliyopita. Ni mrefu. Mwenye haraka aruke mpaka kwenye habari ya video.

Binti yangu alizaliwa salama, akalia palepale, akakaa kwa wakati, akatembea akiwa na miezi 13. Alipofika miaka minne na nusu mguu wa kushoto ukaanza kujipinda kwa ndani. Kisigino hakigusi chini, anatembelea vidole kama aliyekanyaga mchanga wa mchana. Tukasema kiatu kinambana. Tukanunua kingine. Tukanunua na cha tatu.

Hapo ndipo ugomvi ulipoingia nyumbani. Mimi hutoka saa kumi na mbili alfajiri, hajaamka, na kurudi magharibi. Kila nikirudi namkuta anatambaa kutoka jikoni hadi sebuleni, mtoto wa miaka mitano! Mama yake ananiambia asubuhi alikimbizana na wenzake mpaka akachana gauni. Mwalimu wa chekechea naye: "Mzazi, huyu ndiye anayewahi bembea kuliko wote." Nikaona wananificha jambo. Wao wakaona nazusha. Ndugu wakakata shauri: anadeka, akisikia mlio wa pikipiki ya baba yake anataka kubebwa.

Nikaamini. Jioni moja nilirudi na kipande cha muwa, nikasimama mlangoni, nikamwambia aje achukue kwa miguu yake. Akasimama. Alifika nusu ya sebule, mguu ukajiviringa, na mkono wa upande uleule nao ukaanza kujikunja kifuani. Akakaa chini taratibu, akanitazama. Hakulia. Ule muwa niliuacha juu ya kabati mpaka ukachacha.

Tukaanza hospitali. Ya kwanza tulipewa dawa za minyoo na vitamini. Ya pili wakasema mtindio wa ubongo, tukaanzishiwa mazoezi ya viungo, na mtaalamu wa mazoezi alikuwa mtu mwema sana, lakini naye alikuwa anatushangaa: "Mbona leo miguu yake laini hivi?" Bila shaka laini, saa ilikuwa mbili na nusu asubuhi! Wakuu, hebu fikirieni: kliniki zetu zote ni za asubuhi. Unaamka saa kumi usiku kuwahi namba, mtoto amelala mgongoni njia nzima, anafika mbele ya daktari akiwa ametoka usingizini, anatembea vizuri kuliko mimi. Ugonjwa wenyewe unakuja saa tisa alasiri, daktari keshafunga faili. Palifika mahali tukapangiwa kuona daktari wa mifupa, ajadili kuurefusha ule mshipa mnene wa kisigino kwa upasuaji. Tulikuwa tumeshakubali.

Kilichotuokoa ni hasira zangu. Siku ya Jumapili nilibaki nyumbani makusudi. Nikachukua chaki ninayochorea vyuma, nikachora mstari sakafuni kutoka mlangoni hadi kwenye ndoo za maji. Saa moja asubuhi nikamrekodi kwa simu akiutembea: sekunde 6. Saa sita mchana: 11, kisigino kimeshaanza kunyanyuka. Saa kumi jioni: 41, ameshika ukuta, amesimama mara mbili. Halafu akapitiwa na usingizi kwenye mkeka, akalala kama saa moja unusu. Alipoamka nikamrekodi tena, nikitegemea abaki vilevile au azidi. Sekunde 9.

Sikuelewa nilichokiona, ila nilijua sasa si kudeka. Hakuna mtoto wa miaka mitano anayedeka kwa ratiba.

Hospitali ya tatu tulikutana na daktari kijana wa watoto. Nikamwekea simu mezani. Akaangalia ile ya jioni, hakuuliza uzazi ulikuwaje wala degedege. Aliuliza, "Hii ilikuwa saa ngapi?" Kisha, "Na akilala mchana?" Kisha, "Kwenu yupo mwingine?" Nikasema hapana, nikadanganya bila kujua, nitafika huko. Akatuambia tusiondoke, tukae mpaka saa kumi jioni, yeye mwenyewe atatoka wodini aje amwone. Akaja saa kumi na robo. Binti alikuwa ameshaanza kuburuta mguu.

Jina alilolitaja ni distonia inayotii dawa ya levodopa, wengine huiita ugonjwa wa Segawa, kwa daktari wa Kijapani Masaya Segawa aliyeueleza miaka ya 1970. Distonia ni misuli kuvutana yenyewe bila mwenyewe kuiamuru, kiungo kinajipinda na kukaa mkao usio wake. Hii ya kwetu ni adimu, inakadiriwa mtu mmoja katika kila milioni moja au mbili, na wasichana ni wengi kuliko wavulana. Mara nyingi huanza kabla ya miaka kumi, na huanzia mguuni.

Alivyonieleza mimi nilielewa kwa lugha ya sola. Ubongo unatengeneza kitu kinaitwa dopamini, ndicho kinacholainisha mwendo. Kuna kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza hiyo dopamini, na jeni yake, GCH1, kwa hawa watoto ina hitilafu, kwa hiyo inayotengenezwa ni kidogo. Usiku akilala betri inajaa kiasi chake. Asubuhi taa zinawaka zote. Mchana anatumia, anatumia, ikifika alasiri imekata. Akilala mchana inapanda kidogo. Waya zote nzima, balbu nzima, ndiyo maana MRI yake, ile picha ya ubongo, ilitoka safi kabisa, na tulipoambiwa safi tukadhani wametuibia hela.

Dawa ni levodopa iliyochanganywa na karbidopa. Ndiyo, hiyohiyo wanayotumia wazee wenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Alianza na robo ya kidonge kidogo, asubuhi tu. Siku ya nne nilirudi magharibi, nikazima pikipiki, nikasikia mtu anakimbia ndani. Nikadhani ni mtoto wa jirani.

Sasa VIDEO, kwa sababu hili ndilo lililonileta:

Rekodi siku moja, sehemu ileile, peku, nguo fupi miguu ionekane. Asubuhi akiamka tu, mchana, jioni, na baada ya usingizi wa mchana. Taja saa kwa sauti wakati unarekodi, maana daktari hatakaa kuchokonoa simu yako kutafuta tarehe. Chuchumaa, usimrekodi kutoka juu kama harusi. Mchukue akija na akienda. Wiki mbili za daftari la saa zinafaa kuliko hadithi ya saa nzima.

Maswali karibuni.

MamaWawili_Tanga:

Pole sana mkuu. Hapo kwenye muwa nimeacha simu kwanza.

Kigogo77:

Ngoja tuelewane. Dawa ya wazee unampa mtoto wa miaka mitano? Na ukishazoea hiyo kitu si inachosha mwili, baada ya miaka michache haifanyi kazi na mtu anaanza kujinyonganyonga? Babu yangu alikuwa na Parkinson, nimeona kwa macho.

FundiGeti:

Mkuu Kigogo77, swali lako ndilo nililomuuliza daktari, karibu neno kwa neno. Kwa babu, chembe hai zenyewe za ubongo zinazotengeneza dopamini zinakufa, kila mwaka zinapungua, ndiyo maana dawa inakuja kuleta yale mahangaiko. Kwa mtoto wa Segawa chembe ziko hai, zimekosa malighafi tu. Kwa hiyo dozi inakuwa ndogo sana, na wapo watu waliotumia miongo kadhaa kwa kiasi kilekile bila kunyonganyonga. Ila ukianza na kubwa, au ukapandisha kwa pupa, hata mtoto atachezacheza mwili. Yetu ilipandishwa robo kwa robo kwa wiki kadhaa, na inapimwa kwa kilo za mtoto, kwa hiyo robo ya binti yangu isiwe robo ya mtoto wako.

Na akipewa kwa wiki kadhaa kwa dozi inayotosha bila badiliko lolote, daktari anaiondoa, anatafuta kingine. Daktari wetu alisema yeye mtoto yeyote mwenye distonia asiyejulikana chanzo chake humjaribu kwanza kwa levodopa. Kukosea ni wiki chache. Kutojaribu ni maisha ya mtu kwenye kiti cha magurudumu.

Mwanamtwara:

Mkuu mimi natokea kusini. Kwetu watoto walishawahi kupooza miguu hivihivi, tukaambiwa ni mihogo michungu isiyolowekwa vizuri. Huoni ni hiyo?

FundiGeti:

Hiyo inaitwa konzo, na umefanya vizuri kuileta, maana wazazi wanachanganya. Nilijibiwa hivi: konzo inakuja ghafla, leo mzima, kesho miguu yote miwili imekakamaa, na inabaki palepale, haina asubuhi wala jioni. Na mara nyingi inapiga wengi kijiji kimoja, msimu wa njaa, watu wanakula mihogo michungu iliyoharakishwa na hakuna maharage wala samaki. Ya binti yangu ilianza mguu mmoja, ikaenda polepole, nyumba nzima yeye peke yake, na saa inaibadilisha.

Bukavu_Mtoto:

Yote aliyosema ni ya kweli. Huku Kongo konzo tunaijua sana, hata jina limetoka kwetu, kwa Wayaka wa upande wa Kwango, ni kama kusema miguu iliyofungwa. Konzo haina dawa ya kurudisha miguu, kinga yake ni kuloweka mihogo siku za kutosha. Ndiyo maana ni huzuni sana kama mtoto mwenye ugonjwa unaotibika kwa dawa anaambiwa ana konzo na kuachwa.

Sista_Zamu:

Mimi ni muuguzi, miaka kumi na minne wodi ya watoto. Naongeza moja tu, lakini ishikeni.

Levodopa mwanzoni huleta kichefuchefu. Mzazi anaenda duka la dawa, anasema mtoto anatapika, anapewa metoklopramidi, wengi mnaiita Plasil. USIMPE. Dawa hiyo inaziba njia ileile ya dopamini mnayohangaika kuijaza. Hata mtoto mzima kabisa ikimkataa shingo inapinda, macho yanageukia juu, ulimi unatoka. Nimeshapokea watoto wa hivyo wamefikishwa wodini wamepakwa dawa za kienyeji mwili mzima, watu wanajua ni mashetani au pepopunda, kumbe ni dawa ya kutapika ya jana. Tukiwapa dawa ya kuizima hunyooka mbele ya macho ya mama yao. Kwa hiyo shingo ikipinda ghafla, swali la kwanza nyumbani: kameza nini tangu jana? Beba na karatasi ya dawa.

Na vidonge vya madini ya chuma visimezwe pamoja na levodopa, vinaizuia isinyonywe. Wapeni saa tofauti.

FundiGeti:

Sista, asante. Sisi tulimpa kidonge na kipande cha muhogo wa kuchemsha au mkate mkavu, kichefuchefu kikaisha wiki ya pili. Nyama na maziwa tunaviweka mbali kidogo na saa ya dawa.

Abu_Salma:

Ndugu yangu usije ukakasirika. Kitu kinachomshika mtoto magharibi na kumwachia alfajiri, sisi watu wa pwani tunakijua. Hospitali ni sawa, lakini pia mtafutieni mtu amsomee.

FundiGeti:

Sikasiriki, Abu Salma. Wewe umenifungulia lile nililosema nitalifikia.

Daktari alipouliza kama kwetu yupo mwingine, nilisema hapana. Jioni nikampigia mama simu kumpa habari. Alikaa kimya, halafu akasema, "Sasa hivyo si ndivyo alivyo shangazi yako?"

Shangazi yangu mdogo, dada wa marehemu baba, yuko kijijini. Mimi tangu nimezaliwa nilimjua kama mtu anayeketi kwenye kigoda mlangoni kuanzia alasiri. Asubuhi alilima, alichota maji, alitwanga. Ikifika saa kumi anaketi, na akitaka kuingia ndani anashikwa. Kijiji kizima kilisema ana jini la magharibi. Alisomewa, alichanjwa, alipelekwa Bagamoyo, alipelekwa Tanga. Ndoa ilimshinda, mume alisema hawezi kuishi na mke wa nusu siku. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema "ugonjwa", kwa sababu tulikuwa tumeshaupa jina.

Sasa ugonjwa huu unarithiwa kwa namna ya ajabu. Mzazi mmoja akiwa nao kwenye jeni, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuurithi, lakini anaweza kuubeba asioneshe chochote. Marehemu baba lazima aliubeba, mimi lazima naubeba, na tumetembea zetu mpaka ukatokea kwa binti. Kipimo cha jeni hatujafanya, damu inabidi ipelekwe nje na bei siiwezi. Dawa ndiyo ilikuwa kipimo.

Mzee_wa_Houston:

Nimo humu naishi Texas. Kuna kisa cha hapa kilichoandikwa sana. Mapacha wa California, wa kike na wa kiume, walipofika miaka miwili wakaambiwa ni mtindio wa ubongo. Mama yao alikuwa anachimba mwenyewe, akakutana na makala ya gazeti la mwaka 1991 kuhusu mtoto wa ugonjwa huo wa Segawa, akaona mwanawe ndiye yule. Levodopa ikawanyanyua. Lakini miaka ikaenda, binti akaanza kubanwa na pumzi, hali ikawa mbaya. Mwaka 2011 pale Baylor, chuo cha udaktari hapa Houston, wakatangaza kwamba wamesoma jenomu zao zote, yaani jeni zao zote kwa pamoja, na hitilafu haikuwa kwenye GCH1, ilikuwa jeni ndugu yake, SPR. Hiyo inapunguza na serotonini pia, kemikali nyingine ya ubongo. Wakaongezewa dawa ya pili, 5-HTP, binti akarudi uwanjani kukimbia.

Nasema hivi kukutahadharisha, fundi: akija kuonesha jambo jipya, msiridhike kwa sababu miguu imenyooka. Rudini.

FundiGeti:

Nimelipokea mzee. Kliniki tunaenda kila miezi mitatu, na nimeomba tupangiwe mchana.

Kigogo77:

Nafuta kauli. Shangazi naye mlimpa?

FundiGeti:

Ilichukua miezi minne kumshawishi. Alisema amezoea, na mtu akishaambiwa ana jini miaka thelathini hataki kuambiwa ilikuwa robo ya kidonge. Mwisho binti yangu ndiye aliyemleta mjini, alikuwa anamwonesha anavyoruka kamba saa moja usiku.

Daktari alimweleza wazi: kwa umri wake, mguu uliokaa umepinda miaka yote hiyo hauwezi kunyooka wote, mifupa na mishipa imeshazoea. Mguu bado umepinda. Lakini jioni anatembea. Amerudi kijijini, na mama anasema watu walimkuta kisimani saa kumi na moja jioni wakamkimbia.

MamaWawili_Tanga:

Fundi, sikukwambia mwanzoni nilikuwa naogopa. Wa kwangu wa pili ana miaka sita, wa kiume, anatembelea vidole. Cheti chake kinasema mtindio wa ubongo. Tangu nisome hapa sijalala. Sasa wa kwangu hana hiyo asubuhi na jioni kwa wazi hivyo, au sijui nilikuwa siangalii.

FundiGeti:

Dada, usiikatae kwa hilo, wala usiikubali. Wapo watoto wa Segawa ambao tofauti ya saa si kubwa, na wapo watoto wengi wa mtindio wa ubongo ambao wanachoka jioni kama mtoto yeyote. Tofauti aliyonipa daktari ni hii: mtindio wa ubongo kwa kawaida una historia, uzazi mgumu, njiti, manjano kali, homa ya ubongo, na mtoto alichelewa tangu mwanzo. Haumchukui mtoto aliyekuwa anakimbia ukamrudisha kutambaa. Wako alitembea lini? Alikuwa mzuri halafu akaharibika? Na yale mazoezi msiyaache, hata binti yangu bado anafanya.

MamaWawili_Tanga:

Alitembea mwaka na mwezi. Uzazi haukuwa na shida. Mguu ulianza akiwa na minne.

Sista_Zamu:

Mama, mpeleke hospitali ya rufaa, uliza daktari bingwa wa mishipa ya fahamu wa watoto. Usinunue dawa mwenyewe dukani kwa ajili ya uzi huu, nakuomba.

MamaWawili_Tanga:

Sinunui. Nimechora mstari kwa mkaa, chaki sina. Leo asubuhi saa moja na dakika kumi, sekunde 8. Sasa hivi ni saa kumi na moja kasoro, nimemwita aje, ameniambia, "Mama, subiri kwanza nilale."